Funga Zipu, Tunashuka Lodwar

Kwenye vituo vya bodaboda vya Voi, saa nane mchana, jua likiwa utosini, usitarajie kuwakuta vijana wa pikipiki vifua wazi. Wamevaa makoti. Mengine ni yale mazito ya mitumba, yaliyoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, na wenyewe wameyageuza nyuma mbele ili zipu ikae mgongoni na upepo usipate pa kupenyea kifuani. Abiria anayeshuka kutoka Nairobi huwatazama akadhani ni fasheni tu, au ukaidi wa ujana.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akizunguka Kenya kwa pikipiki ya cc 250, alimwuliza mmoja wao kwa nini anajifunika hivyo kwenye joto lile. Kijana akacheka. “Koti ni la kuzuia upepo, bosi. Kwani wewe unaona huu upepo una baridi?”

Swali hilo lilimkaa kichwani, na kila safari ya joto aliyofanya baadaye imekuwa njia ya kulijibu. Wanaopanda pikipiki kwa mapenzi, wale wa mwisho wa wiki wenye mabegi ya pembeni na kamera kwenye helmeti, hulalia imani moja: ukisikia joto, vua, na ukishavua, ongeza mwendo. Imani hiyo hufaa sana Limuru. Hufaa pia Naivasha na Eldoret. Ubaya wake ni kwamba hufaa mahali ambapo hapana joto la kumtisha mtu.

Barabara inayoumbua imani hiyo vizuri kuliko zote ni ile inayotoka Kitale kwenda Lodwar, mwendo wa karibu kilomita 300. Asubuhi pale Makutano, mlangoni mwa Kapenguria, watu huvaa sweta. Mji huo uko kwenye kimo cha mita 2,100 hivi. Lodwar uko kwenye mita 500. Hewa huongezeka joto kwa nyuzi sita na nusu hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo mteremko wenyewe, hata kabla jua halijapanda, unakuongezea nyuzi kumi. Unapita Ortum ukiwa bado unafurahia mito na miembe, unaingia kwenye korongo la Marich, mlima unakwisha mgongoni, na ghafla hewa inabadilika. Kufika Kainuk, umeshaingia nchi nyingine kabisa.

Serikali ya kikoloni iliijua vizuri njia hiyo. Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa Kapenguria mwaka 1953, wakapelekwa kufungwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Waliochagua mahali hapo hawakuhitaji kuta ndefu. Jua na umbali vilitosha kushika lindo.

Safari hiyo mwandishi alikuwa na mwenzake, kijana mwepesi wa mwendo na wa maneno, mzaliwa wa Thika. Waliposimama Kainuk kuonyesha vitambulisho kwenye kizuizi cha polisi, kijana alivua koti, akalifunga juu ya begi, akabaki na fulana. Mwandishi akafanya kinyume: akapandisha zipu hadi shingoni, akalegeza mikono ya koti kidogo tu. Kila mmoja alimwona mwenziwe hana akili.

“Mimi napoa vizuri,” kijana alisema waliposimama tena mbele kidogo. “Hata jasho sitoki.”

Lilikuwa linatoka, na jingi mno. Hakuliona kwa sababu upepo ulikuwa ukilinyakua kabla halijaunda tone. Ushahidi ulikuwa kwenye fulana yake nyeusi: mistari myeupe ya chumvi, kama ramani, kuanzia kwapani hadi kiunoni.

Mambo yanayotendeka hapo si magumu. Ngozi ya mtu aliye kwenye joto huwa na nyuzi kati ya 33 na 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo unaokupiga unaondoka na joto lako, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo unavyopoa. Hewa ikipanda hadi nyuzi 38, biashara inageuka. Sasa kila pumzi ya upepo inakuletea joto, na kasi ya kilomita 80 kwa saa inakuletea joto hilo kwa wingi. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wasijipulizie feni joto la chumba likifika nyuzi 40, kwa sababu hiyo hiyo. Mwendesha pikipiki ni mtu aliyeketi mbele ya feni ambayo hawezi kuizima.

Kinga pekee inayobaki ni jasho, na jasho lina nguvu ajabu. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, ambalo lingetosha kuchemsha sufuria ya lita saba za maji. Lakini mwili hauna bomba lisilokwisha. Mtu kwenye joto kali hutoa lita moja kwa saa, pengine zaidi kidogo, na hawezi kuendelea hivyo mchana kutwa bila kulipa. Koti lililofungwa hufanya kazi mbili kwa pamoja: linazuia upepo wa moto na jua lisiifikie ngozi, na linafanya jasho likauke polepole, hapo hapo linapohitajika. Aliyevaa fulana analimwaga bure.

Walipopita Kalemngorok, mwandishi, aliyekuwa nyuma, aliona indiketa ya kulia ya mwenzake inawaka. Hapakuwa na njia ya kukata kulia. Indiketa iliendelea kuwaka kilomita baada ya kilomita. Kisha gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo ambalo hata mtoto angelikwepa, pikipiki ikayumba, ikasimama yenyewe kando ya barabara. Kijana hakusema kitu, yeye ambaye tangu Kitale hakunyamaza.

Mwandishi akamkokota hadi chini ya mgunga mpana ambao Waturkana huuita ewoi. Alikuwa na kichefuchefu na kichwa kilimgonga. Alipoulizwa wametoka mji gani alifikiri kidogo, akataja Kapenguria. Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi karibu na pale alikuja na watoto wake, akamtazama mara moja tu.

“Mvue viatu,” akamwambia mwandishi. “Maji mmwagie shingoni na kifuani, halafu umpepee. Na wewe mwanangu, hiyo pikipiki usiipande tena mchana huu.”

“Sawa mama,” kijana akajibu, kwa unyenyekevu ambao haukuwa wake.

Maelekezo ya yule mama ndiyo ambayo wauguzi hufundisha. Kivuli, kuvua, kulowesha, kupepea. Mtu akichanganyikiwa kutokana na joto, au akazimia, hali inaweza kuwa imeshafika kwenye kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo uko hatarini. Hapo anapozwa kwanza, kwa maji yoyote yaliyopo, huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa. Asiyeweza kumeza hanyweshwi. Kijana wa Thika alikuwa kwenye ukingo wa hali hiyo, na bahati yake ni kwamba aliteremka kwenye ukingo upande wa salama. Akili ilimrudia mapema, akaanza kuuliza bei ya mbuzi. Hata hivyo walikaa chini ya ule mti mpaka jua likaanza kulala.

Ndiyo maana dalili ya kwanza inayofaa kutazamwa haiko mwilini, iko kwenye uendeshaji. Joto hugusa uamuzi kabla halijaangusha mtu. Indiketa iliyosahauliwa, gia isiyobadilishwa, mropokaji aliyenyamaza: hizo huonekana na aliye nyuma kuliko yule mwenyewe anayepatwa. Msafiri wa peke yake hana wa kumtazama, na hapo ndipo saa inapofanya kazi ya rafiki. Simama kila baada ya saa moja, uhitaji usihitaji.

Kesho yake, kwenye barabara ya kwenda Kalokol upande wa Ziwa Turkana, walifanya jaribio. Wote wawili walilowesha fulana za pamba hadi zikachuruzika. Kijana akavaa juu yake koti la wavu, lile ambalo maduka huliuza kama koti la joto. Mwandishi akavaa koti lake la kitambaa kizito alilonunua kwenye soko la Gikomba, akalifunga, akaacha nafasi ndogo shingoni na mikononi. Kwa dakika za mwanzo kijana alikuwa akipiga mayowe ya raha. Baada ya hapo fulana ikakauka kama iliyotoka kwenye pasi, akabaki na wavu na upepo wa moto. Ya mwandishi ilikuwa bado na unyevu walipoanza kuona maji ya ziwa.

Bibi zetu walijua kanuni hiyo bila somo la fizikia. Mtungi wa udongo una vitundu visivyoonekana. Maji yanapenya polepole hadi nje, yanakauka, na yanapokauka yanachukua joto la yale yaliyobaki ndani. Wasafiri wa zamani wa magari katika majangwa ya Marekani na Australia walining’iniza mbele ya magari yao mifuko ya turubai iliyojaa maji, yakapoa kwa njia hiyo hiyo. Fulana mbichi ndani ya koti ni mtungi unaovaliwa. Kikoi kilicholoweshwa na kufungwa shingoni ni mtungi mdogo zaidi, na kinafaa sana, mradi ncha zake zichomekwe ndani ya koti. Kitambaa kinachopeperuka jirani na mnyororo si cha kufanyia mchezo.

Koti hilo la Gikomba ni jeusi, na jambo hilo huzua ubishi kila linapoonekana. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kikundi cha wanasayansi waliotaka kujua kwa nini Wabedui huvaa kanzu nyeusi jangwani. Walipima na kukuta kwamba kanzu nyeusi hunyonya joto jingi zaidi la jua kuliko nyeupe, lakini joto hilo haliifikii ngozi: linachukuliwa na hewa inayozunguka ndani ya vazi pana. Mvaaji wa nyeusi na mvaaji wa nyeupe walipokea joto sawa ngozini. Neno la kushika hapo ni “pana”. Koti jeusi lililobana mwili halina utetezi huo, na barabarani kuna sababu nyingine za kuchagua rangi ya kung’aa, wakiwemo madereva wa malori.

Kuhusu kunywa, watu wengi hushauri maji mengi na kuishia hapo. Ushauri huo ni nusu. Jasho hutoka na chumvi, na anayerudisha maji matupu lita baada ya lita anaweza kuipunguza chumvi ya damu hadi akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa, yaani akapata dalili zinazofanana na zile anazozikimbia. Dawa yake inapatikana kila duka la kijijini: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Ni kinywaji kile kile cha mtoto anayeharisha. Mwandishi hukiweka kwenye mfuko wa mgongoni wenye mrija unaofika mdomoni, kwa sababu chupa iliyo ndani ya begi hainywewi. Mtu hujiambia atakunywa akifika mbele, na mbele hakufiki. Maji ya dafu ni matamu na yana potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni kidogo, kwa hiyo dafu na korosho za chumvi ni chakula kamili cha barabarani. Miraa ni mkosi kwenye joto: inaongeza mapigo ya moyo na joto la mwili huku ikimdanganya mtu kwamba hajachoka.

Pikipiki yenyewe haina makuu. Injini inayopozwa kwa hewa inataka oili ya kutosha na mwendo, inachukia foleni. Yenye rejeta inataka maji yake yakaguliwe asubuhi, kabla haijawashwa. Upepo wa tairi nao upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Wapo wanaofika Lokichar wakaona tairi limekuwa gumu, wakapunguza upepo ili “lisipasuke”. Hao ndio hasa wanaolipasua, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi na kuzidi kupata moto.

Mtu aliyejifunzia Turkana akishuka Pwani lazima asahau karibu kila kitu.

Barabara ya Mombasa hukupa nafasi ya kusahau taratibu. Kutoka Mtito Andei hadi Voi na nyika ya Taru joto bado ni kavu, na vijana wenye makoti ya nyuma mbele wana haki yao. Kabla ya hapo, Makindu, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri wa dini yoyote hufunika kichwa, akavua viatu, akapewa chapati, dengu na chai bure. Kwa anayesafiri kwa pikipiki pale ni mahali pazuri pa kuipisha saa sita mchana. Baada ya Mariakani hewa inaanza kunata. Msimu wa kaskazi, Februari au Machi, kipimajoto cha Mombasa husoma nyuzi 32 au 33 tu, nambari ambayo Lodwar wangeiita baridi, lakini jasho linatiririka hadi ndani ya buti na halikauki. Hewa imeshashiba maji yake yenyewe. Fulana mbichi hapo inabaki mbichi, nzito, na haikupozi kitu.

Lakini nyuzi 32 ziko chini ya joto la ngozi. Kwa hiyo upepo, uliokuwa adui Kainuk, hapa ni rafiki: fungua kila tundu la koti, vaa lile la wavu lililoshindwa Kalokol, na usisimame. Kusimama ndiko kunakoumiza. Kwenye foleni ya malori Changamwe, au kwenye kusubiri kivuko cha Likoni juani, hakuna upepo, injini inachoma mapaja, na helmeti inageuka chombo cha kupikia kichwa. Hapo vua helmeti, fungua koti lote, sogea kwenye kivuli cha lori ikibidi. Mwandishi sasa hupanga awe ameshavuka Mariakani kabla ya saa tatu asubuhi, si kwa sababu ya jua, bali kwa sababu ya malori.

Ipo na hali ya tatu, ambayo Kenya haijui sana. Katika baraza moja ya Mji wa Kale, Mombasa, alikuwepo kijana aliyewahi kupeleka chakula kwa pikipiki Dubai. Huko, alieleza, Julai na Agosti hewa inapita nyuzi 40 na wakati huo huo inanata kama ya Mombasa. Ukifungua koti unaungua, ukilifunga unachemka. Wanasayansi hupima hali hiyo kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber waliandika kwamba kipimo hicho kikifika nyuzi 35 mwili wa mtu hauwezi tena kujipoza, hata akiwa uchi kivulini mbele ya feni. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania yaliyotolewa mwaka 2022 yakaonyesha kwamba vijana wenye afya hushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31. Hakuna vazi la kutatua hilo. Oman huzuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Falme za Kiarabu zina katazo la aina hiyo hiyo, na Dubai imejenga vyumba vyenye kiyoyozi vya kupumzikia watu wa pikipiki.

“Tulikuwa tunakaa humo ndani mpaka simu ilie,” kijana alisema. “Ikilia, unatamani mteja aghairi.”

Muuza kahawa alikuwa amefika na dele lake, akigonganisha vikombe. Mwandishi akaona ni wakati wa kutoa elimu. Akaeleza barazani kwamba mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa waliwanywesha waendesha baiskeli maji ya moto, wakagundua kwamba mwili ulibaki na joto dogo zaidi, kwa sababu kinywaji cha moto kiliongeza jasho kuliko kilivyoongeza joto. Sharti lake, akasisitiza, ni kwamba jasho lile liweze kukauka. Kwa hiyo kahawa ya moto ingempoza mtu wa Lodwar, ila kwa fukuto la Mombasa haiwezi kumpoza yeyote.

Wazee walimsikiliza kwa adabu. Muuza kahawa akamimina.

“Bwana,” akasema, “nani kakwambia hapa tunakunywa ili tupoe? Kashata nikupe mbili au tatu?”